Mshipa wa kisigino ulinitoa kwa baiskeli miaka ya tisini: jinsi nilivyoutibu mpaka nikarudi kupanda milima ya Sosiot

Wakuu, salamu kutoka Belgut, mahali mvua ya saa nane haimuulizi mtu kama ameanika nguo.

Nimeona hapa jukwaani watu wengi wanauliza juu ya maumivu ya kisigino, hasa nyinyi vijana mnaoendesha baiskeli za gear kila weekend. Mmoja ameandika ati amedungwa sindano, sasa yuko fiti, na Jumamosi anarudi barabarani. Nikasema hapana, leo lazima niandike.

Haya ni yangu mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu wala sikusoma mahali. Mguu ulioumia ni wa kulia na bado niko nao.

Itakuwa ndefu kidogo. Jimwagieni chai.

Miaka hiyo nilikuwa mtu wa AI. Kwa wale wa mjini, AI ya siku hizo haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe akiwa kwa heat, yaani anataka dume, unaitwa, unakuja na mbegu ya dume mzuri, unamserve, unaenda zako.

Zamani serikali ilikuwa na magari ya kazi hiyo. Yalipita kila asubuhi, na wafugaji walisubiri na ng'ombe zao kwa zile crush, vibanio vya mbao vya kumtuliza ng'ombe, kando ya barabara. Halafu magari yakaanza kupotea moja moja mpaka yakaisha, na crush zikabaki kuota nyasi. Mimi nilikuwa nimesomea hiyo kazi, nikaona hapo kuna nafasi yangu. Nikapata mtungi mdogo wa nitrogen, ile baridi kali ya kuhifadhi mbegu, nikaufunga kwa keria ya black mamba na mpira wa tyubu, nikaanza.

Black mamba mnaijua? Baiskeli ya chuma tupu, nzito kama mlango wa benki, haina gear hata moja. Gear ni vigimbi vyako.

Nilikuwa natoka Sosiot nateremka mpaka upande wa Sigowet, nazunguka huko kwa wafugaji, halafu narudi kwa kupanda. Watu waliniita Daktari wa Baiskeli. Nilikuwa na nguvu na nilijua niko nazo. Nilikuwa nikipita lori la majani chai kwa mlima, kweli kabisa, ingawa lori lenyewe lilikuwa limejaa.

Maumivu yalianza kama mchezo.

Asubuhi nikishuka kitandani, kisigino cha kulia kilikuwa kigumu. Natembea kama bata mpaka mlangoni, halafu kinalegea, nasahau. Nikipanda baiskeli hakuna kitu. Nikasema ni baridi. Si mnajua baridi yetu ya asubuhi.

Baada ya muda kikaanza kuuma pia nikianza kupanda mlima. Si chini ya kisigino, ni pale nyuma, kwa ule mshipa mnene unaotoka kwenye kigimbi. Ukiushika unasikia umevimba kama kamba yenye fundo.

Nikafanya yale kila mtu hufanya. Nikapaka dawa ya kuchua ile inanuka mpaka ng'ombe wanageuza kichwa. Nikabadilisha gumboots. Nikainua kiti cha baiskeli juu zaidi, kwa sababu jamaa fulani aliniambia wale wa mashindano hukaa juu. Hiyo ya kiti muiweke akilini, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Mke wangu Chelang'at alikuwa ananiangalia tu. Siku moja akaniambia nipumzike wiki mbili. Nikamwambia ng'ombe hawapumziki. Akarudi kwa kazi yake na uso wa mtu ambaye hajakubali.

Basi nikaenda kliniki fulani mjini. Nikadungwa sindano hapo karibu na mshipa. Yule aliyenidunga, niseme ukweli, aliniambia nikae bila kuendesha kwa muda. Nilisikia ile sehemu ya sindano, hiyo ingine nikaiacha mlangoni.

Kesho yake maumivu hayakuwepo. Wakuu, hayakuwepo kabisa. Nilihisi kama nimepewa mguu mpya. Nikaendesha wiki hiyo kama mwendawazimu, nikifidia zile siku nilikuwa nachechemea.

Sasa niwajulishe kwa Kogo Tabutany. Kogo kwetu ni nyanya. Huyu alikuwa mjane, anaishi peke yake upande wa Sigowet, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Ayrshire mwenye madoa, jina lake Rosi. Rosi alikuwa amekataa kushika mimba. Alipelekwa kwa dume la jirani mara kadhaa, wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemserve mara mbili, wapi. Maziwa yalikuwa yanaisha. Watoto wa Kogo waliokuwa wakifanya kazi mbali walikuwa wameamua: ikikosa safari hii, Rosi anaenda buchari.

Kogo hakutaka. Hakulia wala kubembeleza mtu. Alinitumia tu ujumbe kwamba Rosi akiingia heat tena, ataniita mimi, si mwingine.

Ujumbe ulikuja wiki ile ile nilikuwa na mguu mpya.

Nilitoka nyumbani mchana nikiimba. Kulikuwa na kamlima kafupi lakini kabaya, udongo mwekundu, chai pande zote mbili. Nikainuka kwa pedali, nikasimama kwa vidole, nikasukuma na uzito wangu wote.

Nikasikia kitu kama jiwe limenipiga nyuma ya mguu. Nilisikia mpaka sauti. Niligeuka kuona ni nani amenirushia, na hapo ndipo nikaanguka, kwa sababu mguu haukuwa unanijibu tena.

Mtungi ukalala ubavu na kifuniko kikalegea. Moshi mweupe wa nitrogen ukaanza kutambaa barabarani. Wachuma chai waliokuwa karibu walitupa vikapu wakakimbia, wengine nasikia walifika mpaka buying centre, kule majani hupimwa. Nilitambaa kwa tumbo nikausimamisha ule mtungi kabla hata sijaangalia mguu. Ule mtungi ndio ulikuwa shamba langu.

Wanaume wawili wakajipa moyo wakarudi. Wakanikalisha kwa keria, wakanisukuma mpaka nyumbani kama gunia.

Rosi akapitwa na heat yake.

Keshoye asubuhi Kogo alifika kwetu kwa miguu, na kibuyu cha mursik begani. Umbali ule, na umri ule. Nilikuwa nimekaa nje na mguu juu ya kiti, nikitafuta maneno ya kumwambia. Akauangalia mguu, akaketi, akanimiminia maziwa kwa kikombe.

Akasema, "Wewe pona. Rosi atarudi kwa heat, na watoto wangu nimewaambia wasubiri mara moja tu."

Mara moja. Kila mfugaji hapa anajua ng'ombe anarudi baada ya wiki tatu hivi. Kwa hivyo muda wangu ulikuwa huo.

Jirani aliyekuwa anapeleka maziwa na pickup akatubeba mimi na Chelang'at mpaka hospitali moja ya misheni huko mbele. Nilitegemea sindano ingine, au plasta, au kisu. Nikapelekwa kwa mama mmoja Mkisii, mwembamba, anaitwa Madam Kemunto. Physiotherapist. Hilo neno nililisikia hapo mara ya kwanza.

Madam Kemunto hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Aliniambia nilale kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda. Akabana kigimbi cha mguu mzima. Wayo ukajisogeza wenyewe. Akabana cha mguu mbaya.

Chelang'at ndiye alikuwa upande wa kuona. Mimi nilikuwa naona mto tu. Nilimsikia anavuta pumzi.

Wayo ulisogea. Kidogo, lakini ulisogea.

Madam akasema, "Mshipa haujakatika, umechanika. Kuna tofauti, na hiyo tofauti ndiyo itakulisha. Ukiuheshimu utapanda milima tena. Ukiukimbiza, utaletwa hapa kushonwa."

Nikamuuliza kama wiki tatu zitatosha. Akaniangalia vile unaangalia mtoto ameuliza kama mwezi unaweza kuletwa nyumbani. Akasema wiki tatu zitatosha kuacha kuvimba. Kuendesha baiskeli tusiongelee bado. Tungeongea miezi.

Akanipa magongo. Akasema tukate slipas kuukuu, tuweke vipande vya mpira chini ya visigino, viatu vyote viwili, ndiyo mshipa usivutwe na kiuno kisiende upande. Akanikataza kuchuliwa pale palipochanika, na mtu yeyote, hata awe na sifa kutoka hapa mpaka Bomet. Akasema nikilala nisogeze wayo polepole, juu na chini, bila kulazimisha. Na kuhusu ile sindano, alisema jambo moja: maumivu yalikuwa yananizuia nisijivunje, na mimi niliyanyamazisha halafu nikaendelea kukimbia.

Hakuna dawa aliyonipa. Nilirudi nyumbani nikihisi nimeibiwa.

Zile wiki zilikuwa mbaya, wakuu. Si maumivu, maumivu yalipungua. Ni kukaa. Nilikuwa naona jamaa wanapeleka ng'ombe kwa dume la kukodisha na wananipungia mkono kwa huruma. Mtungi ulikuwa kona ya nyumba unaishiwa nitrogen pole pole, nikilala nausikia kama unanong'ona.

Halafu asubuhi moja ujumbe ukafika. Rosi ameanza kupanda ng'ombe wa jirani tangu kupambazuke.

Ng'ombe akionyesha dalili asubuhi, unamserve mchana. Ukichelewa mpaka kesho, umechelewa. Hakukuwa na simu za mkononi, na mwenzangu wa kazi aliyekuwa karibu alikuwa Kericho mjini, huwezi kumpata kwa wakati. Hata gari la kuelekea Sigowet siku hiyo hakuna, si siku ya soko, na pickup ya jirani ilikuwa imeshaondoka na maziwa.

Nilisema nitatembea na magongo. Mama yangu, ambaye tulikaa naye boma moja, akaniambia nitafika Rosi akiwa amezeeka.

Chelang'at akaingia store. Akatoka na black mamba. Akachukua spana, akateremsha kile kiti changu cha mashindano mpaka chini, akakaza.

Mnielewe vizuri. Wanawake wa kwetu wakati huo hawakuendesha baiskeli. Labda mwalimu mmoja huko, labda sista. Lakini Chelang'at alikulia Silibwet, na baba yake alikuwa akipeleka maziwa na baiskeli, na yeye akiwa msichana alijifunza kwa kupitisha mguu chini ya lile bomba la juu la baiskeli. Nilijua. Aliniambia tulipokuwa tunachumbiana. Ila tangu tuoane hajawahi kuigusa, na mimi sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Mama akaona kinachopangwa. Akasimama katikati ya njia.

"Chelang'at, utambeba mume wako kwa keria mbele ya watu wa Sosiot? Watu watasema nini?"

Mke wangu akajibu kwa heshima, bila kuinua sauti. "Mama, watasema Rosi amepata mimba."

Mama akaenda jikoni, akarudi na leso, akaifunga ile chupa ya maji moto ya kuyeyusha mbegu ndiyo isivunjike njiani. Kisha akafungua geti.

Nilikaa kwa keria, mtungi katikati yangu na mgongo wa mke wangu, mguu mbaya umenyooshwa kando, magongo yamefungwa kwa bomba la baiskeli. Tukatoka.

Kupita Sosiot ndiyo ilikuwa mtihani. Wanaume walikuwa wamesimama nje ya maduka kama kawaida. Wakageuza vichwa wote pamoja. Jamaa mmoja nisiyemtaja, kwa sababu watoto wake wako kwa hili jukwaa, akauliza, "Daktari, leo umepata gari?"

Kabla sijafungua mdomo Chelang'at akamjibu, "Amepata, na halisimami kwa watu wasio na safari."

Wale wengine wakamcheka yeye badala yetu. Lakini mimi niliinamisha kichwa mpaka tukaacha maduka nyuma. Sitawadanganya. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Mteremko ulikuwa rahisi. Alijua breki kuliko mimi. Ikifika mlima, alishuka akasukuma, mimi nikiwa nimekaa. Nilijaribu kushuka mara moja. Akaniambia nikishuka atarudi nyumbani na baiskeli aniache hapo na mtungi wangu. Nikakaa.

Mvua ikatukuta njiani, ile yenye mawe. Nikaona blauzi yake imeshikana na mgongo, na mabega yanapanda na kushuka. Hapo ile aibu ilinitoka. Nikaanza kufikiria kazi iliyo mbele, vile nitasimama, mkono gani utashika nini.

Tulifika. Kogo alikuwa amemfunga Rosi kwa crush yake ya miti, anamshika masikio na kumwimbia kitu cha kwao.

Nilisimama kwa mguu mmoja, nimeegemea mti wa crush. Mkono wa kushoto ndani ya ng'ombe. Chelang'at alifungua mtungi, akatoa mrija wa mbegu nilivyomwelekeza, akauyeyusha kwa maji ya moto huku akitazama saa, akaupanguza, akauweka kwenye ile bunduki yetu ya kupandikizia, akanipa.

Nikatafuta mlango wa kizazi, nikapita taratibu, nikaweka. Nikatoa mkono.

Mvua ilikuwa imeisha, migomba inadondosha maji. Kogo akaenda kutuchemshia chai.

Wiki tatu zikapita, Rosi hakurudi kwa heat. Zikapita tatu zingine. Baadaye nilimpima kwa mkono nikakuta mtoto yuko. Kwa wakati wake alizaa ndama jike mwenye madoa kama mama yake, na Kogo akamwita Chelang'at. Mwenye jina alinuna siku nzima, halafu akaanza kuulizia habari za ndama kila nikitoka huko.

Lakini nimekimbia mbele. Turudi kwa mguu, ndiyo maana ya uzi.

Niliporudi kwa Madam Kemunto, uvimbe ulikuwa umeshuka na naweza kukanyaga. Chelang'at akamsimulia safari ya Sigowet. Hapo ndipo nilimwona yule mama akicheka mara ya kwanza, mpaka akashika meza.

Kisha akanipa kazi. Na hii ndiyo kazi iliyoniponya, kwa hivyo someni polepole.

Kwanza, kusimama kwa miguu yote miwili, nainua visigino, nashusha. Pole pole. Nilipozoea bila maumivu makali, akanihamishia kwa ngazi. Unasimama ukingoni kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino viko hewani, umeshika ukuta. Unapanda kwa miguu yote miwili. Halafu unashuka kwa ule mbaya peke yake, taratibu kama unashusha debe la maziwa hutaki limwagike, mpaka kisigino kiwe chini ya ngazi. Unapanda tena kwa yote miwili. Asubuhi na jioni. Baadaye unafanya goti likiwa limekunjwa kidogo. Baadaye tena unabeba kitu mgongoni.

Nilimwambia hayo ni mazoezi ya watoto wa nursery. Akaniambia mshipa ni kama kamba inayosokotwa upya, nyuzi zake zitajipanga tu ukizivuta kila siku kidogo. Ukiziacha zitaota ovyo. Ukizivuta kwa nguvu zitakatika.

Akanipa pia sheria moja ambayo nimeishi nayo. Alisema, "Usiuulize mguu wakati unaendesha, wakati huo mwili una joto na unadanganya. Uulize kesho asubuhi ukishuka kitandani."

Yaani asubuhi ndiyo hakimu. Ukiamka mguu ni mgumu kuliko jana, jana ulizidisha. Punguza. Ukiamka uko sawa, ongeza kidogo. Basi.

Nilifanyia kwa ngazi ya veranda. Mama alianza kwa kunicheka, akisema nimekuwa kama kuku anayeogopa kuruka. Baada ya muda ndiye aliyekuwa ananiita nikisahau.

Katikati nikaharibu. Mguu ulikuwa unajisikia vizuri, nikaacha ngazi siku kadhaa, nikachukua baiskeli nikajaribu kale kamlima ka wachuma chai. Nilifika juu nikijipongeza. Kesho yake asubuhi nilishuka kitandani nikashika ukuta. Yule bata alikuwa amerudi.

Nilitaka kuficha. Lakini ukitembea hivyo ndani ya nyumba ya vyumba viwili utamficha nani? Chelang'at akafunga baiskeli kwa nguzo ya store na kufuli, funguo akaiweka pale wanawake huweka. Nikarudi kwa ngazi, hatua za nyuma, kama mtoto aliyerudishwa darasa.

Safari iliyofuata Madam alitaka baiskeli yenyewe. Tuliipeleka kwa pickup ya yule jirani. Akanifanya nizunguke uwanja wa hospitali polepole, kiti kikiwa pale Chelang'at alikiteremsha. Akasema sasa nioneshe vile kilikuwa zamani. Nikainua. Hakunipa hata raundi moja, akanisimamisha.

Kumbe kiti kikiwa juu sana, kila pedali ikifika chini nilikuwa naifuata na ncha ya vidole kama msichana anayechungulia dirisha. Kigimbi hakipumziki, na mshipa unavutwa siku nzima. Tena nilikuwa nakanyaga kwa ncha ya mguu, ndani ya gumboot pana mguu unateleza mbele na nyuma. Akapandisha kiti kidogo tu kutoka kwa kipimo cha mke wangu. Akanisogeza mguu mbele kwa pedali. Gumboots akasema nibebe kwa keria, nivae nikifika kwa ng'ombe, njiani nivae kiatu cha kamba kinachoshika kisigino.

Na milima? Akasema kushuka na kusukuma si dhambi.

Mwanzo niliendesha kwa barabara tambarare za ndani ya shamba la chai, asubuhi kabla ya malori. Halafu mteremko na kurudi kwa kusukuma. Halafu miinuko midogo. Wakati huo wote kazi ya mbali tuliifanya wawili. Wafugaji wakazoea. Ile aibu ya Sosiot iliisha bila mtu kutangaza. Ukiwa na ng'ombe kwa heat huna muda wa kuangalia nani ameshika usukani.

Tena ilifika mahali wakaanza kumuuliza yeye maswali badala yangu. Baadaye alienda kusomea, akapata cheti chake, na kwa miaka mingi alishika upande wa Bomet kwa baiskeli yake mwenyewe. Wako wafugaji huko ambao kwao mimi ni mume wa daktari tu. Sina shida nayo.

Sasa mtaniuliza nilijuaje nimepona.

Hakuna siku mtu alinipigia makofi. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, nimeitwa na mfugaji mmoja aliyekuwa na heifer mdogo, mtamba ambaye hajazaa bado, na nilikuwa nawaza nitumie dume gani ili asipate shida ya kuzaa. Nikawaza, nikabadilisha mawazo, nikaamua dume la Jersey, ndama wake huwa wadogo. Nikainua macho nikakuta niko juu kabisa ya kale kamlima, chai imetanda pande zote, nimepanda kote nikiwa nimekaa kwa kiti.

Sikuwa nimewaza mguu hata mara moja.

Nikasimama nikashuka, nikaushika ule mshipa. Ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, na uko hivyo mpaka leo. Haukuuma. Niliogopa kufurahi mapema, nikangoja kesho asubuhi. Kesho asubuhi nikashuka kitandani nikaenda mlangoni kama mtu.

Wakuu, mimi ni daktari wa ng'ombe, tena nusu. Kama umesikia ule mlio wa jiwe, usinisome mimi, enda hospitali leo wakubane hicho kigimbi. Lakini kama bado uko kwa hatua ya bata, hapo una bahati. Angalia kiti chako. Angalia unakanyaga na nini. Tafuta ngazi. Na ukidungwa kitu kinachoondoa maumivu, jua yameondoka maumivu tu, ugonjwa bado uko pale unakungoja mlimani.

Na mkubali kubebwa. Wanaume hasa. Muda niliopoteza nikiogopa macho ya watu wa dukani ulikuwa mwingi kuliko ule nilipoteza hospitalini.

Yule kijana wa Jumamosi, nakuuliza wewe kwanza: leo asubuhi ulishukaje kitandani? Tujibu hapa chini, usitufiche. Na wengine mliopitia haya, au mna physio wenu mzuri aliyewafundisha kitu tofauti, leteni. Chelang'at yuko hapa kando anasoma pia, amesema nikikosea mahali atanisahihisha mwenyewe kwa comments.